Mlio wa Pikipiki Njia ya Kwihara

Nilipohamishiwa Tabora kuwa bibi shamba, miaka ile ya vijiji vya ujamaa, ofisi ilinikabidhi pikipiki kuukuu iliyokwisha kutumiwa na mabwana shamba watatu kabla yangu. Niliipenda hivyo hivyo. Mvua za kwanza ziliponyesha ikaanza kulia: ka-ka-ka-ka, kama mtu anagonga sufuria kwa kijiko.

Dereva wa ofisini alinisikiliza, akatikisa kichwa. "Pistoni hiyo. Injini ifunguliwe."

Hiyo ilimaanisha kusubiri kipuri kutoka Dar es Salaam, na mimi kurudi kwenye baiskeli msimu wa kupanda. Nikaipeleka kwanza mtaa wa Kanyenye, kwa fundi mmoja mzee aliyefanya kazi na kanzu yake mwilini, na sikuwahi kuona doa la grisi juu yake.

"Shikamoo, fundi."

"Marahaba, mwanangu. Washa tusikie."

Nikawasha. Injini ikanguruma vizuri kabisa. Nikaizungusha uwanjani mara tatu, hakuna mlio. Niliona haya, kama mama aliyempeleka mtoto hospitali, homa ikashuka mlangoni.

"Basi lia wewe," akasema.

"Nilie mimi?"

"Si unaijua sauti yake?"

Duka la vitambaa la jirani lilikuwa limejaa wateja. Nikajikaza: ka-ka-ka-ka.

"Na ukiongeza mwendo?"

Nikalia haraka haraka. Wateja wakaangua kicheko. Mama mmoja akauliza kama naumwa. Fundi hakucheka. Alitaka kujua mlio huanzia wapi.

"Njia ya Kwihara, nikipeleka gunia la mbegu za karanga."

"Na leo gunia liko wapi?"

"Leo sina."

"Basi gunia ni mimi." Akakunja kanzu, akapanda nyuma.

Hatukufika mbali. Mashimo yalipoanza, mlio nao ukaanza.

"Unasikia?" nilipaza sauti.

"Nausikia mpaka mapajani!"

Penye mteremko akaniambia nizime moto, niiache ishuke yenyewe. Injini ikanyamaza. Ka-ka-ka ikaendelea vilevile. Nilimsikia mzee akicheka mgongoni kwangu.

"Injini imezimwa na bado inalia! Mwambie dereva wako pistoni iko kichwani mwake."

Tukashuka. Akainama, akanionyesha upande wa ndani wa bati linalokinga cheni: mstari mwembamba uling'aa. Cheni ilikuwa imelegea na springi za nyuma zimechoka, kwa hiyo nikibeba mzigo cheni ilirukaruka na kuligonga bati. Akatoa spana mfukoni, akaikaza cheni, akanyoosha bati kwa jiwe. Nilitamani kumkumbatia, ila nilimheshimu.

Wanawake waliokuwa wakipanda shamba la kijiji wakatuona.

"Babu, leo umebebwa na bibi shamba!"

"Nimebebwa, na kurudi nabebwa!"

Tulirudi Kanyenye bila mlio. Mkewe alikuwa amesimama mlangoni kwao, mikono kiunoni. Habari zilikuwa zimetutangulia. Nikamwamkia kwa woga. Akamtazama mumewe akikung'uta vumbi, kisha akanigeukia.

"Huko nyuma mtu hukaa vizuri, haanguki?"

"Hukaa vizuri, mama, akishika."

"Alhamisi nitakuja ofisini kwako. Nina dada yangu Kwihara sijamwona tangu Idi."

Alhamisi alikuja kweli, kajifunga kanga mbili, na kapu la vitumbua mkononi.