Mlango Uliogeuka Kabati la Vioo

Herminda Sepúlveda aliuza soseji katika soko la mji wa Chillán, nchini Chile, tangu usichana wake hadi magoti yalipogoma. Miaka yote hiyo, wafinyanzi wa kijiji cha Quinchamalí waliposhuka sokoni na vyombo vyao vya udongo mweusi, yeye ndiye aliyekuwa wa kwanza kuwasimamisha.

"Huyo kuku usimpitishe hapa, mama," alizoea kusema. "Mlete, nami nitakufungia soseji za kula mpaka mseme basi."

Hivyo ndivyo alivyojikusanyia kuku wa udongo, nguruwe wa kuwekea akiba, mitungi yenye shingo za bata, na zaidi ya vyote, wapiga gitaa: sanamu za wanawake wafupi, wanene, weusi tii, waliochorwa maua meupe kwa ncha ya sindano ya gramafoni. Mtu mwingine angesema wote ni sawa. Herminda alijua kila mmoja sura yake na kidole kilichomfinyanga.

Kisha likaja lile tetemeko kubwa. Kabati lake la mbao lilianguka kifudifudi, na nusu ya mali yake ikawa changarawe. Mdogo wake Eleodoro, aliyeishi katika nusu ya pili ya nyumba hiyo ya wazazi wao, aliingia na mshumaa kupitia mlango wa katikati, akatazama sakafu, akasema, "Afadhali. Sasa utapata pa kuweka kiti."

Huenda alikuwa anatania. Lakini Herminda, aliyekuwa amepiga magoti katikati ya vigae, hakusikia utani wowote. Wiki hiyohiyo alipigilia mbao kwenye ule mlango. Eleodoro, asiyependa kushindwa hata kwa ubishi, akapigilia zake upande wa pili. Tangu hapo ndugu hao walisalimiana barabarani kama watu waliowahi kukaa kiti kimoja kwenye basi. Vyombo vilivyosalimika vilifungwa kwa magazeti, vikalala maboksini chini ya kitanda.

Alipostaafu, Herminda alivuta boksi moja, akamfungua mpiga gitaa, akamfuta vumbi kwa upindo wa aproni. Akakaa naye mapajani mpaka chai ikapoa.

"Nilikununua nikuone," akamwambia, "si nikulalie."

Kesho yake alikwenda duka la samani. Muuzaji kijana mwenye tai akamwonyesha kabati la vioo, refu, linalong'aa. Herminda akalisukuma kwa kidole kimoja. Likayumba.

"Hili litatembea," akasema.

"Litembee kwenda wapi, bibi?"

"Sakafuni, mwanangu. Huwa hayaendi mbali."

Basi akamwita Audilio Riquelme, seremala wa mtaa wa nyuma, mjane mwenye sauti nzito aliyependa kuimba akipiga randa. Herminda akamweleza anachotaka: kabati lililomo ndani ya ukuta, kama vidaka vya kanisani, lisilo na mahali pa kuangukia. Audilio akagonga ukuta wa sebule kwa kifundo cha kidole, akasikiliza, akatikisa kichwa.

"Ukuta huu umebeba paa, Bi Herminda. Nikiutoboa, tetemeko lijalo halitakuachia hata pa kulilia vyungu vyako."

"Ule wa chumbani?"

"Mwembamba. Hata nguruwe hatoshi."

Herminda akasimama mikono kiunoni, akizungusha macho. Yakatua kwenye zile mbao za mlango wa katikati.

"Na pale je?"

Audilio akatazama, akatabasamu. "Pale pameshatobolewa zamani. Na juu yake pana boriti ya zege. Hapo hata tembo ungemweka."

Kuanzia siku hiyo nyumba haikukalika. Herminda alichora umbo la mlango kwa chaki kwenye sakafu ya ua, kwa vipimo vyake halisi. Vipini vya mafagio vikawa rafu. Akavitoa vyombo vyote viote jua, akaanza kuvipanga chini kwenye mchoro. Mitungi mizito aliiweka chini kabisa, kwa sababu kitu kizito kikiwa juu ndicho kinachotafuta kuanguka. Kuku akawapeleka juu. Nafasi ya wapiga gitaa akaiweka pale macho yake yanapofika akiwa ameketi, si akiwa amesimama, maana magoti yake aliyajua. Jirani waliopita walichungulia juu ya ukuta.

"Unacheza ule mchezo wa watoto wa kurukia mistari, Bi Herminda?"

"Ndiyo, na nashinda!"

Siku ya kung'oa mbao, alimwagiza Audilio afanye upande wake tu, kimyakimya. Lakini msumari mkongwe haujui kunyamaza. Wa kwanza ulipolia, sauti ikatoka ng'ambo.

"Nani anabomoa nyumba ya mama?"

"Mwenye nyumba ya mama!" Herminda akajibu.

"Mlango uliuziba mwenyewe!"

"Nazibua ili nizibe vizuri!"

Halafu, upande wa pili, nyundo nyingine ikaanza kazi. Mbao zikatoka moja moja mpaka Eleodoro akaonekana mzima: ndara miguuni, suruali ya kulalia, nyundo mkononi, nywele zote nyeupe. Wakatazamana.

"Umezeeka," akasema Eleodoro.

"Kwako vioo hakuna?"

Audilio akajifanya anatafuta futi yake mfukoni. Eleodoro alipoelezwa habari ya kabati, akakunja uso. "Na mimi nitatazama nini? Mgongo wa kabati?"

"Tundika kalenda."

"Nusu ya unene wa ukuta huu ni yangu, dada. Jenga kwenye nusu yako."

Audilio akapima, akasonya. Kwenye nusu ya ukuta, wapiga gitaa wangebaki magitaa yametokeza nje. Herminda akaghadhabika, akachukua kigoda, akakikita katikati ya kizingiti, akamweka juu yake mpiga gitaa wake mkubwa kuliko wote.

"Huyu ndiye unayemnyima mahali! Mtazame!"

Lakini aliyetazama alikuwa yeye. Dirisha la Eleodoro lilikuwa nyuma ya sanamu, na mwanga wa asubuhi ulikuwa unaingia tele. Miaka yote Herminda alikuwa ameviweka vyombo vyeusi mbele ya mbao nyeusi za kabati lake la zamani, vikamezwa. Sasa aliona mstari wote wa bega, mkunjo wa kiwiko, shingo ya gitaa, hata nafasi ndogo kati ya mkono na kiuno ambayo mwanga ulipenya. Akarudi nyuma hatua, akainama, akarudi tena mbele. Moyo ulimdunda kama msichana.

"Fundi," akasema polepole, "tutaweka vioo pande mbili. Mgongo hautakuwepo."

Eleodoro akafungua kinywa.

"Sikufanyii hisani," Herminda akamkata. "Nataka dirisha lako. Na funguo zitakaa kwangu."

"Na sura zitaangalia wapi?"

"Kwangu."

"Yaani mimi ninywe chai nikitazamana na makalio?"

Audilio alicheka mpaka akashika ukuta. Wakawabishania wapiga gitaa mmoja baada ya mwingine, kama watu wanaogawana watoto, na ilipofika jioni Eleodoro alikuwa amepata rafu moja nzima ya sura. Alipokuwa anaokota ndara yake iliyovuka mpaka, akasema bila kuinua kichwa, "Yale maneno ya siku ya tetemeko... nilikuwa naogopa, dada. Nikasema upuuzi."

"Umekuwa ukisema upuuzi tangu ulipoota meno," akajibu Herminda. Kisha akaongeza, "Kesho njoo unywe chai. Kwa mlango wa mbele, huu una kazi."

Audilio akatengeneza fremu ya mbao ngumu ya kusini, akaifunga kwenye matofali kwa skrubu ndefu kama vidole. Vioo vilikuwa vile vinene vilivyokazwa kwa moto, na kila rafu ilipata ukingo mwembamba mbele na nyuma. Milango ikapewa komeo, isije ikafunguka yenyewe nyumba ikitikisika. Taa ndogo alizificha kwenye nguzo za pembeni, kwa ajili ya usiku. Herminda mwenyewe akabandika kipande cha nta chini ya kila chombo ili kishike rafuni, akikikandamiza kwa kiganja kama anayelaza mtoto.

Mtihani ulikuja Jumapili moja ya Agosti, wakati wa chai. Mbwa wa mtaani walianza kwanza. Halafu vikombe vikagonga sahani, taa ya darini ikabembea, na nyumba nzima ikanguruma kutoka chini. Herminda hakukimbilia nje. Alisimama chini ya boriti ya sebule, macho kwenye kabati. Ng'ambo ya vioo alimwona Eleodoro naye amesimama vilevile, mikono imebana kiti. Kati yao, kuku, nguruwe na wapiga gitaa walitikisika pamoja na ukuta, kitu kimoja na ukuta, wala hakuna aliyesogea hata unene wa unyoya.

Ardhi ilipotulia, picha ya harusi ya wazazi ilikuwa sakafuni, na sukari imemwagika mezani. Kabatini, hata vumbi halikuanguka.

"Hata mmoja!" Eleodoro akapiga kelele kule, akirukaruka na ndara zake. "Dada, hata mmoja hajaanguka!"

Herminda alikuwa ameinua mikono yote miwili juu, kama goli limeingia, na machozi yanamtiririka huku akicheka.

Habari ilienea mtaani. Watu walikuja kutazama, wa upande huu na wa upande ule. Mfinyanzi mmoja wa Quinchamalí alisimama mbele ya rafu ya katikati, akaitambua kazi ya marehemu mama yake, akaomba kiti akae nayo. Na Ijumaa moja, wenzake Eleodoro walipokuja kucheza karata, Herminda alimsikia kupitia vioo akiwaeleza, kifua mbele, "Wazo la vioo pande mbili nililitoa mimi. Dada yangu alikuwa hataki kabisa."

Herminda akagonga kioo kwa ufunguo. Wanaume wote wakageuka. Akautikisa ufunguo mbele yao, akarudi kuketi kwenye kiti chake, akamwagia chai yake maziwa.