Sarafu za Mfalme na Miguu ya Adong

Mama mkubwa Adong hajui kusema polepole. Ukimsikia pale soko la samaki la Ggaba akiuza sangara utadhani anagombana na mteja, kumbe anampunguzia bei. Alizaliwa kambi ya polisi Nsambya, akajua Kiswahili cha amri kabla ya kutembea, na kwa amri hizohizo akatulea mimi na kaka yangu Oloya. Watu sokoni wakimwambia kuzaa si kazi, kazi ni kulea, hujibu kwamba kazi ni kuamka saa kumi alfajiri.

Mama yetu, Lamwaka, ni mdogo wake. Alikwenda Uingereza kufanya usafi hospitalini, akaaga kwa mwaka mmoja. Mwaka ukazaa miaka. Pesa zilikuja, yeye hakuja. Mama mkubwa hakulalamika hata siku moja, na hilo ndilo lililonitisha, maana huyu hulalamika hata mvua ikichelewa.

Mwezi uliopita Mama alirudi moja kwa moja, mzee tayari, na kifuko cheupe cha ngozi. Ndani mlikuwa na vijisarafu vya fedha, vidogo kuliko kifungo cha koti. Akatueleza kwamba kila mwaka, Alhamisi kabla ya Pasaka, mfalme wa Uingereza huwapa sarafu hizo wazee waliotumikia kanisa na majirani. Yeye alichaguliwa kwa kuwapikia wakongwe wa mtaa wake.

Akamsukumia dada yake kile kifuko. "Dada, hii ni yako."

Nikamwomba Mungu Mama mkubwa akipokee. Akikataa, hawa wawili wangezeeka ndani ya nyumba moja kama wapangaji wasiosalimiana.

"Mimi hapana omba mtu sadaka," akasema Mama mkubwa.

"Si ya kuomba. Ni ya mtu alifanya kazi. Mimi nilipikia wazee ya watu. Wewe ulilea watoto yangu."

Mama mkubwa akageuza sarafu moja, akasonya. "Mfalme mzima, anatoa pesa kama gamba ya samaki?"

Oloya akaangua kicheko. Mama hakucheka. "Zamani wafalme walikuwa naosha miguu ya maskini kwanza, halafu natoa. Siku hizi waliacha kuosha."

"Banange! Waliacha ile ya maana."

Mama mkubwa akakirudisha kifuko mezani, akavua kandambili, akainyoosha miguu yake iliyopasuka visigino kwa kusimama kwenye maji ya samaki. "Lete maji. Ya moto."

Mama akaleta beseni. Alipiga magoti kwa shida, huku akishikilia kiti, nami nikajizuia kumsaidia. Harufu ya Ggaba ikajaa sebuleni.

"Katikati ya vidole pia," Mama mkubwa akaamuru. Kisha akasema polepole. "Ulikawia, Lamwaka."

"Nilikawia, Dada," Mama akasema, akashika mguu wa pili.