Mwandiko wa Kadi za Harusi

Mimi ni mwoga, sifichi. Mwaka ule kiwanda alichofanyia kazi baba kilipouzwa, naye akapunguzwa, mimi mtoto wa kwanza ndiye niliyetakiwa kutafuta ajira, na woga ulinishika tangu kwenye duka la kuchapa kule Kinondoni.

Nilikuwa nimejifunza kuchapa kwa taipureta, ambayo mwandiko wake ni mmoja tu, upende usipende. Pale dukani kulikuwa na kompyuta, na ukutani karatasi yenye miandiko kama ishirini. Dada mchapaji akaniambia nichague wa CV yangu. Jasho likanitoka. Niliamini upo mmoja tu unaofaa, na nikikosea, nyumbani tutakula nini? Nikachagua ule wenye herufi za mikia mirefu, kwa sababu ndio uliokuwa kwenye kila kadi ya heshima iliyowahi kuletwa kwetu.

"Huo watu wanachapishiaga kadi za michango ya harusi," alisema.

"Huohuo, dada. Mie nataka wajue nimewaheshimu."

Siku ya mwisho ya kupokea maombi nilifika kwenye ofisi iliyotangaza kazi, Chang'ombe. Nikamwamkia mama wa mapokezi na kumpa bahasha. Sikuwa nimeifunga, eti nisimpe taabu ya kuifungua. Akachungulia ndani, akaona ile mikia, akanirudishia bila kusoma hata mstari mmoja.

"Mwanangu, mwezi huu tumechangishwa harusi tatu. Mwambie bibi harusi atusamehe tu."

Nilitakiwa kusema neno moja tu: kazi. Niliogopa kumsahihisha mtu mzima mbele za watu, niliogopa na foleni nyuma yangu isije ikanicheka. Nikasema, "Nitamwambia, mama," nikatoka. Wahenga wanasema kwa mwoga huenda kicheko. Kwetu Temeke hakikufika.

Baba alikuwa ameketi barazani.

"Wameipokea?"

"Wameipokea, baba."

"Alhamdulillahi."

Sijawahi kujichukia kama nilivyojichukia dakika ile. Wiki iliyofuata alivaa shati lake la kazini, akaenda kuulizia majibu kwa jirani yetu mwalimu, maana barua zetu zilipitia sanduku la posta la shule yake. Akaenda na kesho yake. Alienda hivyo miezi miwili, na kila aliporudi mikono mitupu, alinifariji mimi.