Geji ya Mshonaji

Jirani yangu, mama mshonaji, aliunda gari lake mwenyewe kwa vipande vilivyoletwa ndani ya makasha. Lilikwenda vizuri, ila geji ya mafuta ilikuwa mwongo wa kutupwa: lilimzimikia binti yake, muuguzi, njiani huku mshale ukionyesha nusu tangi. Tangu hapo, kila asubuhi mama alikitoa tangini kiboya, kile kinachoelea juu ya mafuta na kuusogeza mshale, akaupinda waya wake kidogo sana, akakirudisha, akamimina mafuta lita moja moja akiuchungulia mshale, midomo ameibana kama mwenye pini mdomoni.

“Mama, nitahesabu kilomita tu,” binti alisihi.

“Wewe hesabu wagonjwa wako. Mafuta ni kazi ya geji.”

Siku ya tisa mshale ulipanda sawasawa na kila lita mpaka tangi likajaa. Hakushangilia. Alijifuta mikono, akampa binti ufunguo, akaketi kiti cha abiria. “Haya, nipeleke mbali.”