Jeneza la Kipimo cha Mlingoti

Ilikuwa mwaka wa sabini na nne. Hapana, sabini na tano, maana cherehani ya kukanyaga nilikuwa nimeshainunua, na bila hiyo nisingekuwa namshonea Fundi Mlingoti vitambaa vya ndani ya majeneza.

Huyu Mlingoti, mrefu kama jina lake, alitengeneza majeneza ya kila kimo isipokuwa chake. Mafupi kuliko yeye, sawa. Marefu kuliko yeye, sawa pia. Alisema kifo kikipita dukani kikakosa la kumtosha, kitaenda zake. Nikamwambia mganga hajigangi, akaniambia nishone.

Basi kaka yake akafa. Hao wawili walivaliana suruali tangu ujana, haipwayi wala haibani. Mlingoti akalia, akapiga randa, na makusudi akaongeza shubiri nzima kwenye mbao. Siku ya maziko jeneza likagoma kukata kona ya kuingia sebuleni alikolazwa marehemu. Dada yao mkubwa, mwanamke asiyetafuna maneno, akauliza kama tunazika mtu au ngazi. Likarudishwa karakana, dada na mimi nyuma yake.

Mlingoti akalipunguza. Ikabaki kujua kama linatosha, na marehemu si wa kujaribishwa kama mteja wa viatu. Akanitazama mimi. Mimi namfika kifuani.

“Lala humo,” dada akamwambia.

“Dada, naogopa.”

“Kaka yako akibanwa miguu, utamweleza nini ukimfuata?”

Akaingia mguu mmoja mmoja, kama mtu anayeingia maji ya baridi. Akafumba macho. Tukasubiri aseme linabana au halibani. Akaanza kukoroma. Hakuwa amelala tangu msiba uingie, na kitambaa changu, nisijisifu, kilikuwa laini. Dada akamwacha kidogo, kisha akamtikisa.

“Toka, mwenyewe anasubiri.”

Baada ya maziko akatengeneza jingine la kipimo kilekile, akaliweka nyuma ya duka, na kila akishakula mchana akawa analala humo. Wateja wakiliulizia, anasema lina mtu. Miaka mingi baadaye tulimkuta humohumo ametulia, viatu kavua nje.

Nilimuuliza mkewe. Nilimuuliza na dada mtu, naye akaniambia nishone. Mlingoti alikuwa amekikubali kifo, au aliona humo ndimo mahali pekee ambapo kifo kisingefikiria kumtafuta?