Siku Nilipoficha Unga Nyuma ya Tishu

Jamani, hii nitaisema mara moja tu, na mkitaka kucheka fungeni mlango kwanza, kwa sababu mpaka leo kuna watu hapa Kawangware 46 wakiniona wanapangusa mabega yao polepole kana kwamba wamemwagikiwa na unga, halafu wanaangaliana. Najua wanamaanisha nini. Nilijiaibisha mbele ya umati, mchana kweupe, nikiwa na akili zangu timamu na kitambaa kipya kichwani.

Kwanza mjue mimi nauza mitumba. Nguo nazimwaga juu ya gunia kando ya barabara, na kama umewahi kupita pale umenisikia, maana mdomo huu haujui kupumzika. Kitu kimoja kilikuwa kinanitoa roho: mteja anayechakura rundo mpaka chini, blauzi anatupa huku, suruali kule, halafu anajipangusa mikono na kwenda zake bila kununua hata soksi. Huyo nilikuwa namsindikiza na maneno mpaka kona. "Ukichakura, rudisha! Kwani kwenu nguo hulala chini?" Wiki moja kabla ya kura nilimwambia hivyo Mama Nekesa, jirani wa ploti inayofuata yetu, mbele ya wateja wote, naye akanitazama tu akaondoka. Halafu matokeo yakatangazwa, mji ukawaka, na sisi wawili tukawa hatusalimiani, yeye wa Western, mimi wa Machakos, kila upande na mgombea wake, na sikujua tena kama amenuna kwa sababu ya blauzi au kwa sababu ya kura.

Siku hizo barabara zimefungwa, maduka yamefungwa, na wifi yangu Mwikali amenikimbilia kutoka Soweto West kule Kibera na watoto watatu na godoro moja (sufuria zote aliacha, godoro akabeba, hata yeye hajui kwa nini). Chumba kimoja, vinywa vinane. Asubuhi moja nikakung'uta mfuko wa unga ukatoa vumbi tu. Mwikali akasema, "Mama Mutua, usijali, mimi leo nimefunga, naomba," na nikajua hafungi wala nini, anawaachia watoto. Iliniuma sana. Nikaapa siku hiyo lazima ugali ulike kwangu.

Ndipo habari ikapita kwenye ploti kwamba supamaketi ya Kabiro imefungua nusu mlango. Wanaingiza watu kumi kumi, kila mtu paketi mbili za unga, basi. Nikafunga kitambaa changu kipya cha kijani, na kabla ya kutoka nikachukua kingine chekundu nikakisokomeza ndani ya sidiria. Mpango ulikuwa mzuri, msinicheke: nitanunua paketi mbili, nitoke, nibadilishe kitambaa, nipige laini tena kama mtu mwingine. Mimi, ambaye Kawangware nzima inanijua kwa sauti.

Nilipoingia na kumi letu, nikaona aibu ya watu. Mkate umefinywafinywa ukaachwa juu ya sabuni, maziwa yamewekwa kati ya viatu vya plastiki, mafuta ya kujipaka yamefunguliwa, mtu amechovya kidole, akafunga akaenda. Nikasonya kwa nguvu ili watu wote wasikie. "Watu wengine hawakufunzwa kwao!" nikasema (nakumbuka vizuri, kwa sababu nilikumbushwa). Halafu nikafika kwa unga nikakuta shelfu imebakiza paketi chache mno, na moyo ukaniambia, Mama Mutua, ukitoka na kurudi hutakuta kitu. Nikaweka mbili kwenye kikapu. Nikaangalia kushoto, nikaangalia kulia, nikakumbatia mbili nyingine na kuzipeleka pale mwisho ambapo tishu zilikuwa zimepangwa mnara mrefu kunishinda, na nyuma yake kuna kijinafasi kitamu cha kufichia.

Nafasi ilikuwa ndogo. Sasa mtu mwenye akili angeacha. Mimi nikavuta pakiti moja ya tishu, ya katikati, ili mkono upite.

Mnara ulianza kuinama polepole kabisa, nikapata hata muda wa kusema "ngoja, ngoja," halafu ukaja wote, ukapiga shelfu ya sabuni, sabuni zikaangusha mabeseni, mabeseni yakabingirika mpaka mlangoni, na mimi nikaenda chini na unga wangu. Paketi moja ilipasukia kifuani. Nyingine niliikalia.

Meneja alikuja mbio, kijana mwembamba mwenye tai, akauliza, "Ni nani?" Swali gani hilo? Nilikuwa mweupe kutoka nyusi mpaka viatu. Soja wa mlangoni akanishika mkono kuniinua. "Mathe, hii sasa ni nini umefanya?"

"Nilikuwa natafuta tishu," nikasema.

Meneja hakucheka. "Bosi aliniambia fujo ikianza nifunge mpaka nchi itulie. Kila mtu aweke vitu chini atoke. Na hata hivyo unga imeisha." Nje watu waliokuwa kwa laini wakasikia, wakabana kwenye geti, na sauti moja ikapaa, "Nani ametuharibia?" na nyingine ikajibu bila huruma, "Ni ule mama wa mitumba!" Nikamwona Mwikali akilini, anashindia chai ya rangi. Nilikuwa nimekuja kutafuta paketi nne, na sasa narudi nyumbani bila hata moja, na laini nzima inalala njaa kwa sababu yangu.

Hapo ndipo Mama Nekesa, ambaye kumbe alikuwa kwenye kumi letu, akatoka upande wa nepi, akanipima kwa macho kutoka juu mpaka chini, akashika kiuno.

"Mama Mutua. Ukichakura, rudisha. Kwani kwenu tishu hulala chini?"

Mtu mmoja akaangua kicheko, soja akafuata, geti lote likafuata, watu wanashikana mabega, na mimi nimesimama pale machozi yanachora mistari kwenye unga. Nilikuwa sijasikia watu wakicheka hivyo tangu Krismasi. Na sijui ni aibu, sijui ni hasira, kitu kilinipanda nikamgeukia meneja. "Nipe nusu saa. Nikishindwa, funga."

"Lakini mathe, ni wewe umeangusha!"

"Ndiyo maana najua pa kuanzia."

Nikapanda juu ya kreti ya soda na kutoa ile sauti yangu ya kuitia wateja. "Sabuni na sabuni! Tishu na tishu! Wewe wa shati la mistari, mkate huo haujifinyi wenyewe, rudisha!" Watu kumi wakainama, kwa sababu wamezoea kunitii barabarani, na Mama Nekesa akashika upande wa pili akapanga tishu moja moja kama mtu aliyezaliwa nazo. Tukawa tunaenda vizuri. Halafu mama mmoja akainua beseni, na ndani ya beseni kulikuwa na paketi mbili za unga.

Akaziweka kwenye kaunta. Mwingine akasogeza mabirika, mbili. Chini ya trei ya mkate, tatu. Ndani ya ndoo yenye kifuniko, nne, zimefunikwa na taulo! Kila mtu ghafla anaangalia dari. Nikafika kwa nepi nikaingiza mkono, nikatoa mbili, nikaziinua juu.

"Ni za nani hizi?"

Mama Nekesa alikohoa. "Ni zangu."

Nikamwangalia. Angeweza kunyamaza, hakuna aliyemwona. Basi na mimi nikaingiza mkono kifuani, nikavuta kile kitambaa chekundu mbele ya meneja, soja na geti zima. "Na mimi nilikuwa nirudi na hiki," nikasema. Wee! Kicheko cha kwanza kilikuwa mazoezi tu.

Tulipomaliza, duka lilikuwa safi kuliko siku lilipofunguliwa, na kwenye kaunta kulikuwa na paketi ishirini na tatu. Nikapanda tena kwenye kreti, nikageukia geti. "Unga haikuisha! Tulikuwa tumeificha!" Meneja akaangalia zile paketi, akalegeza tai, akamwambia soja, "Fungua, leta kumi wengine." Makofi niliyopigiwa pale, naapa, hakuna mgombea aliyepigiwa mwaka huo. Nilisimama mweupe pee na mikono juu, na sikuona haya hata kidogo.

Meneja aliniuzia paketi zangu mbili. Halafu akaokota ile niliyoikalia, akaifunga na utepe wa gundi, akanisukumia. "Hii pia ni yako, mathe. Hakuna mwingine ataitaka."

Nilirudi nyumbani na Mama Nekesa, tukipita njia moja kwa mara ya kwanza tangu kura, na mlangoni nikamgawia nusu ya ile yenye gundi. Mwikali alinifungulia, akaniona mweupe, akapiga nduru akidhani nimemwagiwa kitu na wahuni. Mchana huo alikula ugali mara mbili. Mfungo wake ukaishia hapo.

Tangu siku hiyo nikibadilisha mawazo dukani, kitu nakirudisha pale pale nilipokitoa, hata kama ni kiberiti. Na Mama Nekesa huja kwangu kila Jumamosi, anachakura rundo lote mpaka chini, anakunja nguo moja moja bila haraka akinitazama usoni, halafu anauliza kwa sauti ya kusikika mpaka ng'ambo, "Mama Mutua, huku chini hujaficha unga?"

Wateja wanacheka. Mimi, na mdomo wangu wote, nasogea nimsaidie kukunja.