Védaste na Darasa la Kupumua

Védaste alikuwa mbebaji katika soko la Kamembe. Kwa miaka kumi na moja alishusha mifuko ya saruji na ya unga wa muhogo kutoka kwenye malori, na miaka hiyo yote hakuna aliyemsikia akilalamika. Alikuwa mfupi, mpana wa mabega, mtu wa maneno machache, na kwenye kwaya ya parokia aliimba sauti ya chini. Alizaliwa Bukavu, ng'ambo ya mto, kwa wazazi Wanyarwanda waliokuwa wamehamia huko zamani, akarudi Rwanda mwaka 1996 vita vilipowafukuza. Joselyne, mkewe, alimpata huko huko Kamembe, wakajaliwa watoto watatu.

Mwezi wa tatu mwaka 2007 mgongo ulimkatalia. Aliinama kuokota mfuko, akabaki vile vile, hawezi kwenda juu wala chini. Wenzake walimrudisha nyumbani kwa mkokoteni. Zahanati walimpa vidonge. Vilipokwisha, maumivu yakarudi. Hapo ndipo muuguzi alipomwambia kuna mama mmoja wa Bukavu anayevuka mpaka kila Jumanne na Ijumaa kufundisha mazoezi ya mgongo katika ukumbi wa shule ya chekechea. Mazoezi yenyewe yanaitwa yoga. Védaste alidhani ni jina la dawa.

Mama huyo aliitwa Marguerite. Kazi yake ilikuwa kunyoosha viungo vya wagonjwa, na yoga alijifunza Bujumbura katika mafunzo ya miezi miwili. Darasani kwake kulikuwa na wanawake kumi na wanne, wengi wao wajane. Védaste alipoingia na mkeka wake kwapani, mmoja wao, Benitha, alimuuliza kama ametumwa kutengeneza paa. Walicheka, naye akacheka, akatandika mkeka nyuma kabisa, karibu na ukuta.

Mazoezi hayakuwa magumu kama kubeba saruji, lakini yalimtoa jasho la namna nyingine. Kusimama kwa mguu mmoja. Kupiga magoti na kuunyanyua mgongo kama paka. Kuvuta pumzi ukihesabu hadi nne, kuitoa ukihesabu hadi sita. Mwishoni walilala chali, macho yamefungwa, kimya. Siku ya kwanza ya darasa, kabla Védaste hajajiunga, Marguerite aliwaeleza kwamba Wahindi huuita mkao huo mkao wa maiti. Wanawake wawili waliinuka, wakakunja mikeka yao, wakaenda zao. Tangu hapo akauita mkao wa kupumzika, ila hakuwafuata wale wawili kuwauliza kilichowaondoa.

Baada ya wiki sita mgongo ulianza kulegea. Baada ya wiki kumi likatokea jambo ambalo Védaste hakulitarajia. Alikuwa amelala chali, anasikiliza sauti ya Marguerite ikihesabu, mara akahisi joto linapanda kutoka kiunoni, taratibu, mpaka utosini. Mwili ukawa mwepesi, kama umeondolewa mzigo ambao hakujua kwamba ameubeba. Machozi yakamtoka bila huzuni yoyote. Alipofungua macho, dari ya ukumbi ule, mbao zilizoliwa na mchwa, ilimpendeza kama kitu alichokuwa akikitafuta maisha yake yote.

Alitoka pale akatembea kwa miguu hadi mahali ambapo ziwa lote linaonekana, akakaa hapo mpaka saa ya chakula ikapita. Alimweleza Joselyne kwamba Mungu, ambaye miaka yote alimwimbia bila kumsikia, sasa amemjibu. Joselyne alifurahi. Mume wake alikuwa anaongea.

Furaha hiyo ilikuwa ya kweli, na hakuwahi kuikana hata baadaye. Wiki mbili tatu alikuwa mtu mwingine. Aliwasalimia madereva wa malori kwa majina, akacheza na watoto, akaimba hata akioga. Lakini alitaka iendelee, tena iongezeke. Mwanadarasa mwenzake alimpa nakala ya kitabu kidogo cha Kifaransa kuhusu pumzi, chenye mazoezi ambayo Marguerite hakuwahi kuwafundisha, na la kuzuia pumzi kwa muda mrefu likiwamo. Védaste alikisoma kama katekisimu. Kila alfajiri alitoka kwenda kwenye jiwe moja juu ya ziwa. Kwanza nusu saa, kisha saa nzima, kisha saa mbili. Alipunguza kula. Usingizi ukawa wa saa tatu, akasema hahitaji zaidi. Kwaya akaiacha, kwa kuwa kelele zinamchafua. Kazini akawa anasimama katikati ya njia na mfuko begani, anatabasamu, wenzake wanamzunguka.

Joselyne ndiye aliyeona mapema. Asubuhi moja mtoto wao wa mwisho, Tuyishime, alijiunguza mkono kwa uji, akalia sana, na baba yake alimtazama kwa upole kama anayetazama mvua dirishani. Joselyne alimfunga mtoto kitambaa, kisha akamgeukia mumewe.

"Umekuwa muzuri kupita kipimo," alimwambia. "Minaongea na wewe, sikuone. Uko wapi?"

Védaste alimjibu kwamba yupo, na kwamba siku moja naye ataelewa. Jibu hilo lilimuuma Joselyne kuliko tusi.

Wala Marguerite hakumwambia lolote. Alimwona amekonda, alimwona analia kila somo na kuchelewa kuinuka, akafikiri ndivyo watu wanavyopona. Bujumbura walimfundisha kwamba machozi ni dalili njema.

Kisha, kwenye lile jiwe, mambo yakageuka. Védaste alikuwa amezuia pumzi, anahesabu, na kifua kilipoanza kudai hewa, badala ya lile joto alilolizoea aliona mkono. Mkono wake mwenyewe, umeziba mdomo wa mtu. Aliacha mazoezi akarudi nyumbani. Kesho yake akaenda tena, kwa kuamini kwamba akivumilia ataupita, na mkono ukaja tena. Ikawa hivyo siku tisa. Mwisho wake haukungoja tena afumbe macho. Aliuona akila, akauona pia akifunga kamba za viatu.

Siku ya kumi, Ijumaa, soko limejaa, alikuwa akishusha unga mbele ya meza ya Mzee Akilimali, mfanyabiashara wa Bukavu. Vumbi la unga lilimpanda mzee kooni, akaanza kukohoa. Alikohoa mfululizo, kile kikohozi cha watu wa makamo yake. Védaste alitupa mfuko, akamrukia, akamvuta chini ya meza, akamziba mdomo. Waliokuwa karibu walimsikia ananong'ona: "Papa, tulia. Papa, banapita. Tulia kidogo."

Wanaume wanne walimtoa. Mzee Akilimali alibaki ameketi chini, mweupe kwa unga, akitafuta hewa. Wengine walipiga kelele za mwizi, wengine wakasema amerogwa na mapepo ya Wahindi. Benitha, ambaye meza yake ya nyanya haikuwa mbali, aliwasukuma watu, akamkuta Védaste amejikunja, jicho kavu, hajui alipo. Akakimbia kwenda kumwita Marguerite ukumbini, maana ilikuwa siku ya somo.

Marguerite alipofika hakumwambia afumbe macho wala avute pumzi ndefu. Alimvua viatu, akamwekea nyayo kwenye simenti ya baridi, akamwomba amtajie vitu anavyoviona. Védaste alitaja: meza, mizani, kitambaa cha kijani. Ilichukua muda mrefu. Alipotaja jina la Benitha, Benitha alianza kulia.

Siku mbili baadaye Marguerite alimpeleka hospitali ya Mibirizi pamoja na Joselyne. Njiani aliwaeleza wazi kwamba na yeye ana kosa. Alisema alifundishwa mifupa na misuli, na pumzi kidogo, lakini hakufundishwa aulize mtu amepitia nini kabla ya kumlaza chini na kumwambia alegee. Joselyne alikuwa bado na hasira, na aliendelea kuwa nayo kwa miezi kadhaa.

Mibirizi walimkuta mshauri aliyeitwa Eugénie, mwanamke mnene mwenye sauti ya kawaida kabisa. Aliwaambia hali ile ina jina la Kinyarwanda ambalo wote walilijua, ihahamuka. Na kwamba wapo wanaosema neno lenyewe limetokana na mapafu, ni mtu aliyeishiwa hewa kwa hofu. Alimkataza zile pumzi za kwenye kitabu. Alimwambia ale, alale, arudi kwenye kwaya hata kama hataki. Kisha akamuuliza ni mdomo wa nani.

Védaste alisimulia, Joselyne akisikia kwa mara ya kwanza. Mwaka 1996, yeye na baba yake walijificha siku nzima katika matete ya ukingo wa mto Rusizi, upande wa Bukavu, wakingoja nafasi ya kuvuka. Baba yake alikuwa na pumu. Askari walipita njia ya juu, hatua chache tu, na mzee akashikwa na kikohozi. Védaste alimziba mdomo na pua. Askari walisimama kuvuta sigara. Hakujua aliushikilia mkono kwa muda gani. Alijua tu kwamba alipouondoa, midomo ya baba yake ilikuwa ya rangi nyingine. Walivuka. Siku mbili baadaye, nyumbani kwa dada yake Mukandori huko Nyakabuye, mzee alifariki. Védaste alimzika na hakumwambia mtu.

Eugénie hakumwambia kwamba hana hatia. Alimuuliza nani mwingine alikuwepo mzee akifa. Ni Mukandori peke yake. Basi, akasema, nenda kwa Mukandori.

Ilimchukua wiki nne kwenda. Alipanda basi dogo la Nyakabuye na Joselyne, wakamkuta dada yake anapukuchua mahindi uani. Mukandori alisikiliza bila kuacha kupukuchua. Kisha akasema baba yao alimwambia yote, jioni ile ile waliyofika.

"Alisema mukono wako ulinuka petroli," alisema. "Njo kitu alilalamikia. Alikuwa akicheka."

Védaste alikuwa akiuza petroli kwa chupa wakati ule, alikuwa amesahau. Aliuliza kama mkono ule ndio uliomuua. Mukandori aliweka gunzi chini.

"Sijue, Védaste. Kifua chake kilikuwa kimeharibika toka zamani. Pengine ulimupunguzia siku, pengine ulimuongezea hizo mbili. Mimi nilizipata, na nilimupikia uji."

Védaste alilia pale uani mpaka kuku wakazoea. Mara hii alijua anachokililia.

Kupona kwake hakukunyooka. Msimu wa mvua uliofuata alirudi Mibirizi mara mbili kwa kukosa usingizi. Mzee Akilimali alikubali samahani yake, akakaa naye wakanywa soda, ila tangu siku hiyo hakukohoa mbele yake bila kumtazama kwanza. Padri alipomuuliza kama sasa ameacha mambo ya Kihindi, Védaste alimjibu kwamba joto lile la ukumbini lilikuwa la Mungu, mkono ulikuwa wake yeye mwenyewe, na vyote viwili vilikuja kwa mlango mmoja. Padri aliomba muda wa kulifikiria.

Joselyne alimkataza kurudi darasani, kisha mwaka 2008 akamruhusu kwa sharti kwamba waende wote. Darasa lilikuwa limebadilika. Marguerite sasa anakaa na kila mgeni kwanza, peke yao, kabla hajamkaribisha kwenye mkeka. Anayetaka kuacha macho wazi anaacha. Hakuna kuzuia pumzi, na somo halizidi dakika arobaini. Védaste alipewa kazi ya kukaa karibu na mlango: mtu akitoka ghafla, amfuate.

Mwezi wa kumi mwaka huo, vita vimepamba moto tena kule Kivu ya Kaskazini na redio inazitaja kila saa habari zake, mwanamke mgeni aliyeitwa Christelle aliinuka katikati ya somo akatoka. Védaste alimfuata, akamkuta ameketi kwenye ngazi, mikono imekamata magoti. Akaketi naye, akiacha nafasi ya mtu mmoja kati yao. Baada ya kitambo Christelle akamuuliza kama ni mtu wa Bukavu, kwa kuwa anamsikia hivyo akiongea. Védaste akasema ndiyo, akamtajia mtaa. Christelle aliujua. Wakaanza kuongea juu ya mtaa huo, nani alikuwa na redio kubwa, wapi palikuwa na bomba la maji, mpaka wenzao walipomaliza na kuanza kukunja mikeka.